Claudia Jones, mhariri wa walionyimwa vyumba

Wapo kati yetu waliowahi kutoka hapa makazini wakaenda mjini kutafuta kazi na chumba cha kupanga. Wakirudi husimulia jambo lilelile. Kwa simu chumba kilikuwepo, kodi ikatajwa, hata siku ya kuhamia ikazungumzwa. Walipofika mlangoni na mwenye nyumba akasikia lafudhi yao, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Hakuna aliyewatukana wala kuwafukuza, lakini walirudi na mizigo yao.

Safu yetu ya watu wa kukumbukwa leo inakwenda London ya miaka ya 1950, ambako jambo hilo lilikuwa la kila siku kwa watu weusi, kwa mwanamke aliyeamua kuliandika. Claudia Jones alizaliwa Trinidad, akakulia New York, akafungwa gerezani, kisha akafukuzwa Marekani akiwa na miaka 40. Alifika Uingereza akiwa mgonjwa, bila fedha, mbali na baba na dada zake. Aliishi London miaka tisa tu. Katika miaka hiyo alianzisha gazeti na sherehe, na vyote viwili vilitokana na matatizo ya mitaa ambayo watu wa rangi yake walikuwa wakiishi.

Jina lake la kuzaliwa ni Claudia Vera Cumberbatch. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1915 mjini Port of Spain, wakati Trinidad ilipokuwa koloni la Uingereza. Bei ya kakao ilipoanguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maisha ya familia yaliyumba. Wazazi walitangulia New York mwaka 1922, na watoto wakafuata mwaka 1924, Claudia akikaribia kutimiza miaka tisa. Wengi wenu mnaijua safari ya namna hiyo: baba na mama mbele, watoto nyuma, na ahadi kwamba huko kuna maisha.

Walifikia Harlem. Leo Harlem inasifiwa kwa muziki na washairi wake, na sifa hizo ni za kweli. Lakini watu weusi hawakujazana pale kwa sababu ya muziki. Walijazana pale kwa sababu katika mitaa mingi mingine ya jiji hilo hakuna aliyekubali kuwapangisha. Wenye nyumba wazungu waliwekeana mikataba ya kutouza wala kupangisha kwa mtu mweusi. Mpangaji asiye na pengine pa kwenda hulipa bei anayoambiwa, na mwenye nyumba asiyeogopa kupoteza mpangaji hana haraka ya kutengeneza bomba linalovuja. Ndivyo kodi za Harlem zilivyopanda huku nyumba zikioza. Hata katika maduka makubwa ya mtaa wa 125, waliokuwa wakinunua wengi wao walikuwa weusi, lakini kwa muda mrefu kazi ya kusimama nyuma ya kaunta hawakupewa.

Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo na alikufa Claudia akiwa bado msichana wa miaka kama 12. Baba alibaki na mabinti wanne na kazi za kubahatisha. Claudia alikuwa hodari shuleni, lakini inasimuliwa kwamba hakwenda kwenye mahafali yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha za vazi la siku hiyo. Chumba walichoishi kilikuwa na unyevu, maji machafu yakipita karibu. Akiwa na miaka 17 alipatikana na kifua kikuu, akalazwa karibu mwaka mzima katika sanatoria iliyokuwa Staten Island. Alipona, lakini mapafu na moyo wake havikuwa vizima tena hadi mwisho. Tunapozungumza juu ya gharama ya ubaguzi wa makazi, mara nyingi tunazungumza juu ya heshima na hisia. Kwa Claudia gharama hiyo ilionekana pia kwenye picha ya eksirei.

Alifanya kazi kwa dobi, kiwandani na dukani. Mwaka 1936 alijiunga na vijana wa Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Kilichomvuta ni kesi ya Scottsboro: vijana tisa weusi wa jimbo la Alabama waliosingiziwa kubaka wanawake wawili wazungu, na wanane wakahukumiwa kifo haraka haraka. Wakomunisti ndio waliowatafutia mawakili mapema na kupiga kelele duniani kote. Claudia alibaki mkomunisti maisha yake yote, na aliitetea Urusi ya Kisovyeti hata baada ya maovu ya Stalin kujulikana. Mimi hapo simfuati. Lakini asiyeeleza jambo hili hawezi kueleza kwa nini alifungwa.

Alichukua jina la Jones katika kazi ya siasa, akawa mwandishi na mhariri wa magazeti ya chama. Mwaka 1949 aliandika makala ndefu juu ya wanawake weusi, hasa wafanyakazi wa ndani, akaonyesha kwamba wanabanwa mara tatu: kama wafanyakazi, kama weusi na kama wanawake. Hakuwasamehe hata wenzake chamani. Aliwaambia kwamba wapo wanaohubiri usawa mkutanoni huku wakimchukulia mwanamke mweusi kama msaidizi wa jikoni tu.

Alikuwa amekaa Marekani tangu utotoni, lakini uraia alipouomba alinyimwa. Huo ndio mlango serikali iliyoutumia. Mwaka 1948 alikamatwa mara ya kwanza ili afukuzwe nchini. Mwaka 1951 alikamatwa tena pamoja na viongozi wengine wa chama, na mwaka 1953 akahukumiwa chini ya Sheria ya Smith, iliyofanya kuhubiri kupinduliwa kwa serikali kuwa kosa. Kifungo chake kilikuwa mwaka mmoja na siku moja. Alikitumikia mwaka 1955 katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, huku afya yake ikizidi kudhoofika. Alipotoka alikuwa na wiki chache tu za kufunga mizigo.

Swali likawa, apelekwe wapi? Kwa kuzaliwa alikuwa raia wa himaya ya Uingereza, hivyo kwao ni Trinidad. Lakini gavana wa kikoloni wa Trinidad hakumtaka, akihofia kwamba angechochea watu. Uingereza ndiyo iliyokubali kumpokea. Desemba 1955 alipanda meli kwenda nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Waliowahi kuambiwa kwamba kwao hawatakiwi na hapa walipo si kwao wataelewa safari hiyo bila maelezo marefu.

London aliyoikuta ilikuwa inajaa watu wa visiwa vya Karibi. Meli ya Empire Windrush ilikuwa imefika Juni 1948 na mamia ya wasafiri, na wengine walizidi kufuata. Hawakuwa wakimbizi, wala kwa sheria hawakuwa wageni. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 iliwapa haki ya kuingia, kuishi na kufanya kazi sawa na mtu aliyezaliwa London. Na nchi ilikuwa ikiwahitaji: mabasi hayakuwa na makondakta wa kutosha, hospitali hazikuwa na wauguzi. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados.

Kwa hiyo hati walikuwa nazo, lakini vyumba hawakuvipata. Matangazo ya vyumba yaliyobandikwa kwenye madirisha ya maduka yalisema wazi kwamba watu wa rangi hawatakiwi, na sheria haikukataza tangazo kama hilo. Baadhi ya baa hazikuwahudumia. Fundi stadi alipewa kazi ya kufagia. Waliobahatika kupata nyumba walisongamana katika mitaa michache, Brixton upande wa kusini, na Notting Hill na Paddington upande wa magharibi, katika majumba makuukuu yaliyogawanywa vyumba vidogo vidogo. Mwenye nyumba aliyejulikana zaidi Notting Hill alikuwa Peter Rachman, ambaye naye aliingia Uingereza kama mkimbizi kutoka Poland baada ya vita. Aliwapangisha weusi pale wengine walipokataa, kisha akawalipisha kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Sijui kama kuna mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kuteseka peke yake hakumfanyi mtu awahurumie wenzake.

Benki nazo zilisita kuwakopesha. Basi watu wa Karibi walirudi kwenye desturi yao ya upatu, ile ambayo ndugu zetu kutoka Kongo wanaiita likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kila wiki, na zamu ikifika unachukua fungu lote. Kwa njia hiyo baadhi walipata malipo ya kwanza ya kununua nyumba, wakapangisha vyumba kwa waliofika baada yao.

Claudia aliyaona haya yote akiwa yeye mwenyewe anahama chumba hadi chumba. Wakomunisti wa Uingereza walimpokea, lakini hawakumpa nafasi iliyolingana na uzoefu wake, na swali la rangi halikuwa juu katika ajenda yao. Alichogundua ni kwamba watu wa Karibi wa London hawakujuana. Mtu wa Jamaica alikaa na Wajamaika wenzake, mtu wa Barbados na wa kwao. Mtu wa Brixton hakujua kilichompata mwenzake Notting Hill. Kila aliyefungiwa mlango alidhani ni bahati yake mbaya.

Machi 1958 alianzisha gazeti la mwezi, West Indian Gazette. Ofisi ilikuwa juu ya duka la sahani za santuri katika barabara ya Brixton. Aliyesimama naye tangu mwanzo ni Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey. Gazeti liliandika habari za vyumba na kazi, kesi za polisi, siasa za visiwani, uhuru wa nchi za Afrika, vitabu na muziki. Waandishi wengi walikuwa na kazi nyingine. Mmoja wao, Donald Hinds kutoka Jamaica, alikuwa kondakta wa basi. Fedha hazikutosha hata mwezi mmoja. Wenye deni walibisha hodi, na mhariri alilazwa hospitali mara kwa mara. Pamoja na hayo, siku zake nzuri gazeti lilichapisha hadi nakala 15,000. Nami ninayehangaika kila mwezi kupata picha na habari za tovuti hii nikiwa na kompyuta na mshahara, nasoma habari za ofisi hiyo kwa aibu kidogo.

Gazeti halikuwa na miezi sita lilipopata habari yake kubwa kuliko zote. Mwishoni mwa Agosti 1958, makundi ya vijana wazungu yalianza kuwawinda watu weusi Notting Hill na mitaa ya jirani kwa fimbo za chuma, minyororo na visu. Wafuasi wa Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti tangu kabla ya vita, walikuwa wakihubiri mitaani kwamba Uingereza ibaki ya wazungu. Kwa siku kadhaa nyumba za weusi zilivunjwa madirisha na kurushiwa chupa za petroli. Weusi waliochoka kukimbia walijihami, na wengine walitoka Brixton kuja kuwasaidia wenzao. Mwishowe watu 108 walishtakiwa, 72 wazungu na 36 weusi. Vijana tisa wazungu walihukumiwa miaka minne kila mmoja, hukumu iliyoishangaza nchi. Ofisi ya gazeti nayo ilipokea barua ya vitisho iliyotiwa saini kwa jina la Ku Klux Klan.

Sasa mtu angetarajia nini kutoka kwa mkomunisti aliyetoka gerezani? Mkutano wa hadhara, maandamano, tamko. Hayo aliyafanya. Lakini baada ya ghasia alikuja na wazo ambalo baadhi ya wenzake waliliona la kipuuzi: kanivali, ile sherehe ya kwao Trinidad ya ngoma za chuma, nyimbo za kalipso na mavazi ya kung'aa. Na kwa kuwa ilikuwa katikati ya baridi, ikabidi ifanyike ndani. Tarehe 30 Januari 1959 watu walijaa katika ukumbi wa mji wa St Pancras, na BBC ikaionyesha kwenye televisheni. Kulikuwa na mashindano ya urembo ya wasichana weusi, katika nchi ambayo magazeti yake hayakuwahi kuwaita warembo.

Lipo jambo moja katika kijitabu cha sherehe hiyo ambalo halisimuliwi vya kutosha. Kilieleza kwamba sehemu ya mapato itasaidia kulipa faini za vijana waliohukumiwa kwa ghasia za Notting Hill, weusi na wazungu pia. Naam, na wazungu. Nilipolieleza hili kwa vijana wa klabu yetu ya habari, mmoja alikasirika kabisa, akauliza kwa nini walipiwe waliokuja na minyororo. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba Claudia aliwatazama vijana wale wa Notting Hill akaona watoto wa maskini, wanaokaa katika nyumba mbovu zilezile, waliofundishwa kumlaumu jirani badala ya mwenye nyumba. Alitaka wabaki katika mtaa mmoja na watoto wa watu wake baada ya faini kulipwa. Huenda alikosea juu ya baadhi yao.

Kwa maana miezi minne haikupita sawasawa. Usiku wa tarehe 17 Mei 1959, Kelso Cochrane, seremala wa miaka 32 kutoka Antigua, alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu kutoka hospitali alikokwenda kutibiwa kidole gumba. Kundi la vijana wazungu lilimzingira akachomwa kisu, akafa. Polisi walisema ni wizi, si suala la rangi. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Claudia, Amy Ashwood Garvey na wengine waliunda kamati, wakapeleka ujumbe serikalini, wakadai sheria ya kuzuia ubaguzi. Katika mazishi walijitokeza zaidi ya watu elfu moja, na miongoni mwao walikuwamo wazungu wa mtaa huo huo. Oktoba mwaka huo Mosley aligombea ubunge katika jimbo la North Kensington, palepale yalipotokea yote haya, akaambulia chini ya kura moja kati ya kumi. Naona hesabu hiyo ina uzito wake. Mtaa ule haukuwa wa wafuasi wa Mosley peke yao.

Jibu la serikali lilikuwa kinyume na lililoombwa. Badala ya kuwabana wanaobagua, ilibana mlango wa kuingilia. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilipitishwa mwaka 1962, na tangu Julai mwaka huo mtu wa Karibi, India au Pakistan alihitaji hati ya kazi ili aingie. Gazeti la Claudia, ambalo jina lake lilipanuliwa kuwataja pia Waafrika na Waasia, liliipinga mfululizo. Kwa kinaya, mwaka huohuo wa 1962 ndipo yeye mwenyewe alipopewa pasipoti ya Uingereza, baada ya miaka ya kusubiri.

Agosti 1963, Wamarekani weusi walipoandamana Washington, yeye na wenzake waliandamana London hadi ubalozi wa Marekani kuwaunga mkono. Alisafiri Urusi, Japani na China. Desemba 1964 Martin Luther King alipita London akielekea Oslo kupokea Tuzo ya Nobel, na Claudia aliandika juu yake. Ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Usiku wa mkesha wa Krismasi alikufa peke yake kitandani kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 49. Marafiki waliomsubiri kwa chakula cha sikukuu ndio walioanza kuulizana yuko wapi.

Alizikwa katika makaburi ya Highgate, upande wa kushoto wa kaburi la Karl Marx. Kwa karibu miaka 20 kaburi lake halikuwa na jiwe la maana. Liliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2008 posta ya Uingereza ilitoa stempu yenye sura yake. Wengi humwita mama wa kanivali ya Notting Hill, ile inayojaza mitaa kila Agosti. Si kosa, lakini tuwe waangalifu: kanivali ya barabarani ilianza mwaka 1966, baada ya kifo chake, na walioianzisha ni wakazi wengine wa mtaa huo. Za kwake zilikuwa za ndani ya kumbi, katika miezi ya baridi, hadi mwaka wa kifo chake.

Gazeti lilijikokota miezi michache bila yeye, likafa mwaka 1965. Mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ilikataza kumbagua mtu hotelini, kwenye baa na katika mabasi. Vyumba vya kupanga na kazi havikutajwa. Kwa hayo watu wa Brixton na Notting Hill walisubiri hadi mwaka 1968.